Wageni Hawaingii, Maestro

MARTHE: Haloo? Nani anaongea? Namba hii siijui mimi.

RUPHIN: Yaya! Jambo, yaya. Ni mimi.

MARTHE: Mimi ni nani? Johannesburg nzima kila mtu ni mimi.

RUPHIN: Ruphin. Simu yangu imeisha chaji, hii nimeazima kwa —

MARTHE: Ruphin gani?

RUPHIN: Yaya, tafadhali. Ruphin mdogo wako, dada yangu.

MARTHE: Ngoja kwanza. (cherehani inanyamaza) Mimi nina mdogo mmoja tu. Alizaliwa Mboko, huko Fizi, Mbembe kwa baba na kwa mama, nimembeba mpaka mgongo ukapinda. Huyo alipotea, sijui alipotelea wapi. Halafu kuna mwingine namsikia kwa watu, Maestro Ruphin, mtoto wa Kinshasa, anaongoza kwaya ya kanisa huko Kensington. Wewe ni yupi?

RUPHIN: Yaya, leo si siku ya —

MARTHE: Maana kama ni yule wa Kinshasa umekosea namba. Hapa ni kwa fundi wa nguo, Marshalltown. Lingala hatuongei.

RUPHIN: Nina shida. Shida kubwa, yaya. Na salio lenyewe ni la mtu. Nisikilize.

MARTHE: Nakusikiliza. Si nimesimamisha cherehani? Kuna mama amekaa hapa anangoja sketi, haina zipu, kwa heshima yako.

RUPHIN: Wageni wamefika. Wale wanafunzi wa Hawaii.

MARTHE: Wa wapi?

RUPHIN: Hawaii. Visiwa vya mbali huko, upande wa Amerika, katikati ya bahari. Ni kwaya ya chuo chao. Wanazunguka Afrika Kusini wanaimba, leo ni zamu ya kanisa letu kuwapokea. Ndiyo maana ya yale mashati —

MARTHE: Aaa! Mashati ya maua! Sasa nimeelewa. Mama Agnès wa kwaya yenu aliponiletea kile kitambaa nilimuuliza, mama, tunashona shati au pazia la sebule? Akaniambia, shona tu fundi, Maestro ndiye amechagua.

RUPHIN: (anakohoa) Ndiyo. Bon. Wako nje sasa hivi. Wamesimama mlangoni, hawaingii.

MARTHE: Wafungulieni.

RUPHIN: Mlango uko wazi! Sasa uko wazi.

MARTHE: Sasa? Kabla ya sasa ulikuwaje?

RUPHIN: Walifika mapema, kabla hatujajipanga. Wakaanza huko nje. Si kuimba hasa, ni kama kuita, sauti nzito, wote kwa pamoja, na kibuyu kikubwa wanakipiga kwa kiganja, du, du. Ndani watu wakasikia kundi liko barabarani linapiga kelele, lugha yenyewe hawaijui. Na unajua tangu mwezi wa nne watu wetu wakoje.

MARTHE: Wakafunga.

RUPHIN: Wakafunga. Wakasukuma mabenchi kwenye mlango. Mama Agnès akakimbia chooni na ufunguo.

MARTHE: Na ufunguo!

RUPHIN: Usicheke, yaya.

MARTHE: Sicheki uoga. Mwezi wa nne mimi mwenyewe nililala chini ya hii meza ya kukatia, maduka ya wenzetu waliotoka nje yakivunjwa na wenyeji, na hukunipigia hata simu. Sicheki uoga. Namcheka Agnès. Watoto wa shule wamepanda ndege kuvuka bahari waje wamwimbie, yeye amekaa juu ya choo ameshika ufunguo kifuani!

RUPHIN: Tulimbembeleza mpaka akatoka. Nilichungulia dirishani nikaona ni wao, wasichana na wavulana, wamevaa majani shingoni, miguu mitupu. Miguu mitupu, yaya, na baridi hii ya mwezi wa saba.

MARTHE: Mkafungua, mkatoka kuwasalimia.

RUPHIN: Tukatoka.

MARTHE: Na mashati.

RUPHIN: Na mashati.

MARTHE: Na yale mashada ya maua ya plastiki Agnès alinunua kwa Wachina?

RUPHIN: (mtandao unakwaruza) … na mashada.

MARTHE: Sikukusikia vizuri.

RUPHIN: Nimesema na mashada!

MARTHE: Na wao wamevaa nini, hao wa Hawaii wenyewe? Niambie mimi fundi, nina haja ya kujua.

RUPHIN: Kitambaa cha rangi moja tu. Wamekifunga begani. Cha kahawia.

MARTHE: Maua?

RUPHIN: Hakuna maua.

MARTHE: (anacheka mpaka anakohoa) Hakuna maua! Ee Mungu wangu. Mama, umesikia? Eti hakuna maua! Ruphin, mmewapokea wageni mkiwa mmejivika kama wao! Tena si kama wao, mmejivika kama watalii wanaokwenda kwao kuota jua! Siku moja sisi Wabembe twende ugenini, tukute wenyeji wamejifunga ngozi za chui za nailoni wanaruka ruka, nitataka nikuone uso.

RUPHIN: Yule msichana anayewaongoza alitazama mashati yetu. Akatazama wenzake. Hakusema kitu.

MARTHE: Alilelewa huyo. Mimi ningesema.

RUPHIN: Yaya, salio! Niache nifike kwenye shida.

MARTHE: Kumbe bado hatujafika?

RUPHIN: Kwao ndivyo ilivyo, mgeni haingii nyumba ya watu hivi hivi. Anasimama nje, anaimba kujieleza yeye ni nani na ametoka wapi, anaomba njia. Mwenyeji anamjibu kutoka mlangoni, naye kwa wimbo, kwa lugha ya wazee wake, anasema nyumba hii ni ya nani, yeye ni mtoto wa nani. Akijibiwa, anaingia. Asipojibiwa anasubiri.

MARTHE: Wamekuja na adabu yao yote, wakaangukia kwenu.

RUPHIN: Wameimba mara ya kwanza, mlango ukafungwa. Wameimba mara ya pili, sisi tumesimama tu. Sasa wamenyamaza wanatutazama.

MARTHE: Na hili hamkulijua kabla?

RUPHIN: Salio, yaya …

MARTHE: Ruphin.

RUPHIN: Diane aliniandikia. Ni Mrundi, anasoma hapo Braamfontein, chuo chake ndicho kinawatembeza. Hii simu ni yake. Aliniandikia kwenye WhatsApp wiki iliyopita, maneno marefu, akaeleza kila kitu. Akauliza nani atajibu mlangoni.

MARTHE: Ukamjibu nini?

RUPHIN: Nikamwandikia, sharp, yaani sawa tu.

MARTHE: Sharp!

RUPHIN: Nikadhani ni mambo ya jukwaani, yaya! Nikamwandikia, usijali, nitawajibu mimi mwenyewe kwa lugha ya mababu. Nikapanga ile ya Lingala na kinanda, ile inayowachezesha watu —

MARTHE: Sasa si ukapige kinanda chako?

RUPHIN: Hakuna umeme! Loadshedding, mtaa mzima. Kinanda kimekufa, spika zimekufa.

MARTHE: Eish, pole, Maestro. Umeme ukikatika na sauti inakatika.

RUPHIN: Tukaimba hivyo hivyo kwa mdomo. Lingala, na makofi. Tukamaliza. Hawakusogea. Walitabasamu, lakini hawakusogea. Halafu yule msichana akaniuliza swali, Diane akatafsiri.

MARTHE: Akauliza nini?

RUPHIN: Akauliza, hii ndiyo lugha ya bibi yako?

(Mtandao unakwaruza.)

MARTHE: Ukasemaje?

RUPHIN: Nilitaka kusema ndiyo.

MARTHE: Nakujua.

RUPHIN: Pasta François alikuwa pembeni yangu, kwaya yote nyuma. Nilitaka kusema ndiyo, yaya, mdomo ukakataa. Nikasema nakuja, napiga simu.

MARTHE: Ukamwacha mtoto wa watu miguu mitupu kwenye saruji ya Kensington, ukaenda kupiga simu.

RUPHIN: Unajua Diane ameniambia nini kuhusu hao? Lugha yao ilikatazwa shuleni zamani. Wazee wao walichapwa wakiiongea. Wakaogopa, wakaacha kuwafundisha watoto, ikabaki kidogo sana iishe. Hawa wanafunzi ndio wanairudisha. Wengi wao nyumbani kwao hawakuisikia, wameipata kwenye kwaya, wimbo mmoja mmoja, kwa sababu nyimbo ndizo zilibaki na watu. Ndiyo maana wanaishika hivyo. Ndiyo maana hawaingii.

MARTHE: Na wewe nani alikuchapa?

RUPHIN: Yaya —

MARTHE: Nauliza. Mwalimu gani Mboko alikuchapa kwa sababu ya Kibembe? Hao walipigwa fimbo mpaka lugha ikawatoka, leo wajukuu wanaifukua kwa kucha. Wewe hukupigwa hata kofi. Ulifika hapa Johannesburg, ukasikia wanakwaya wanapenda watu wa Kinshasa, ukaulizwa unatoka wapi, ukajibu Kin. Ukaichimbia shimo mwenyewe, ukaizika mwenyewe, na ukavaa shati la maua juu yake.

RUPHIN: Shati hilo si umelishona wewe?

MARTHE: Usinichekeshe, nimekasirika.

RUPHIN: Sawa. Nimekosa. Nisaidie sasa, utanitukana kesho.

MARTHE: Nikusaidie nini? Niko Marshalltown, taxi mpaka huko na hizi robot, taa za barabarani, zisizowaka ni saa nzima.

RUPHIN: Huhitaji kuja. Unaukumbuka ule wimbo wa mama? Ule wa mlangoni, wageni wakija nyumbani?

MARTHE: Naukumbuka.

RUPHIN: Basi. Wewe uimbe hapo hapo ulipo, mimi naweka simu kwa sauti kubwa, naishika mlangoni. Watausikia. Ni lugha ya bibi, ni wimbo wa nyumbani, wataridhika, wataingia. Imekwisha.

MARTHE: Mm.

RUPHIN: Umeelewa? Ni dakika moja tu.

MARTHE: Nimeelewa. Na hao watu wa kanisa wakiuliza, sauti hiyo ni ya nani?

RUPHIN: … Nitawaambia.

MARTHE: Utawaambia ni ya nani?

RUPHIN: Yaya, watu wana baridi.

MARTHE: Utawaambia ni ya fundi.

(upande wa Ruphin, mtu anapiga chafya)

MARTHE: Haloo? Upo?

RUPHIN: Nipo.

MARTHE: Nilikuja hapo Jumapili ile na sufuria la sombe, kisamvu cha kwetu, nimelifunga kwenye kitenge, maana nilisikia una malaria. Ukanikuta mlangoni mwa kanisa. Huo huo mlango. Pasta akauliza, Maestro, mama huyu ni nani? Ukasema —

RUPHIN: Yaya, nakuomba.

MARTHE: Ukasema, huyu ni fundi wetu, amekuja kutupima majoho. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikatoa tepu kwenye mkoba. Nikawapima. Mmoja mmoja, kifua na mabega, na wewe nikakupima, ukanyanyua mikono ukatazama ukutani. Sombe nikairudisha nyumbani.

RUPHIN: Niliogopa. Ungeongea tu wangejua. Lafudhi yako —

MARTHE: Lafudhi yangu ni ya mama.

RUPHIN: Najua.

MARTHE: Na mama alipofariki mwaka jana, kanisa lako halikuja kunipa pole. Nilikaa matanga chumbani na majirani wawili, mmoja Mzulu, hajui hata ninalia nini. Wewe ulikuja jioni ukiwa umevaa yunifomu yako ya ulinzi, ukakaa kidogo, ukaondoka. Nikasema, labda kazi. Halafu Agnès anakuja hapa na kitambaa chake cha pazia, ananiambia kwa furaha, fundi, utuombee, tuko kwenye maombi ya mama yake Maestro. Yuko Kinshasa, anauza mikate, miguu inamsumbua.

RUPHIN: Yaya, usiseme.

MARTHE: Miguu inamsumbua! Mama yangu yuko kaburini Mboko, na Pasta François kila Jumapili anamwombea miguu!

RUPHIN: Nilishasema yu hai. Nilisema siku nyingi, kabla hajafariki. Ningeanzia wapi? Ningewaambiaje kwamba amefia Fizi?

MARTHE: Kwa mdomo. Ule ule uliosema Kin.

RUPHIN: (sauti inashuka) Wewe huelewi. Wiki nzima mimi nafungua geti. Magari yanaingia, yanatoka, hakuna anayeshusha kioo. Wananipigia honi. Hakuna anayejua jina langu pale, yaya, wananiita boy. Jumapili nikiinua mikono watu arobaini wanafungua midomo. Wananiita Maestro. Nikitoa Kibembe mlangoni leo, Pasta atajua, wote watajua, watanivua cheo. Sina kitu kingine hapa. Hicho tu.

MARTHE: Wanamwita Maestro mtu ambaye hayupo.

RUPHIN: Basi mimi huyo asiyekuwepo nakuomba. Imba.

MARTHE: Siimbi.

RUPHIN: Yaya!

MARTHE: Siimbi, Ruphin. Sitakuwa kasha la redio mlangoni kwako. Hao wageni wamekuuliza wewe. Imba wewe.

RUPHIN: Nimeusahau.

MARTHE: Mwongo.

RUPHIN: Wallahi nime —

MARTHE: Mwongo, na wallahi si ya kanisani kwako. Nani alikuwa anatumwa mlangoni kila mgeni alipofika? Si mimi, mimi nilikuwa jikoni na moshi. Kitinda mimba ndiye anayejibu, ndiyo desturi ya nyumba yetu. Mama alikuwa anakuvuta kutoka kwenye mchanga na kamasi zako, anakupangusa na kanga, anakusimamisha mlangoni. Unaimba, wajomba wanalia. Hiyo sauti unayowauzia watu kama ya Kinshasa, uliipatia wapi?

RUPHIN: … Mlangoni.

MARTHE: Haya.

RUPHIN: Diane ananiambia salio limekaribia kuisha. Na msichana ameanza tena. Unasikia?

(mbali, kibuyu kinapigwa, sauti nyingi, nzito)

MARTHE: … Nasikia.

RUPHIN: Ni mara ya tatu.

MARTHE: Wanaimba vizuri. Wanaimba vizuri, hao watoto. Huyo anayetangulia ana sauti ya mtu aliyefundishwa na mzee. Haya, nenda ukasimame.

RUPHIN: Yaya, mistari yenyewe —

MARTHE: Unawauliza kwanza njia ilikuwaje, kama miguu imechoka. Halafu?

RUPHIN: Halafu nasema nyumba ni ya nani.

MARTHE: Ni ya nani?

RUPHIN: Ya mama. Ya Wabiwa.

MARTHE: Aliye hai unamtaja jina tu. Aliyelala je?

RUPHIN: Nasema, Wabiwa aliyelala.

MARTHE: Ndivyo. Halafu?

RUPHIN: Halafu mzaliwa wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye mwenye mlango. Mimi naufungua kwa niaba yake.

MARTHE: Kwa niaba ya nani?

RUPHIN: Yaya, unajua.

MARTHE: Mimi najua. Nenda ukawaambie wasiojua. Usikate simu, iweke mfukoni.

RUPHIN: Pasta ananiangalia.

MARTHE: Angalia wageni.

(vishindo, mlango unalia, sauti za mbali zinanyamaza)

RUPHIN: (mbali kidogo na simu, anaimba kwa Kibembe, sauti inatetemeka)

MARTHE: Chini mno. Panda. Panda, hawakusikii. Aaa, ndiyo. Ndiyo hapo.

RUPHIN: (anaimba, sauti inakaa sawa)

MARTHE: Nyamaza mama, ngoja na sketi yako! Ni mdogo wangu huyu.

RUPHIN: (anaimba; linasikika jina: Wabiwa. Anasimama.)

MARTHE: Malizia. Usisimame hapo. Ruphin, malizia.

RUPHIN: (anaimba neno lililobaki, taratibu)

MARTHE: Eee. Amelala. Amelala, mama yetu.

(ndani ya simu mwanamke anapiga ukelele, watu wananong'ona)

MARTHE: Huyo ni Agnès. Mwache alie, amechelewa mwaka mzima. Endelea, bado mmoja.

RUPHIN: (anaimba, mstari mfupi, jina moja linapita haraka, karibu halisikiki)

(kibuyu, du, du, sauti nyingi zinajibu, miguu mingi inaingia, vicheko, salamu)

MARTHE: Haloo? Ruphin? Haloo!

RUPHIN: (anahema) Yaya. Yaya, wameingia. Wote. Yule msichana amegusanisha paji la uso wake na langu, ndivyo wanavyosalimiana. Analia. Hajaelewa hata neno moja, analia.

MARTHE: Na wako?

RUPHIN: Wangu wamenyamaza. Mama Agnès amekaa chini. Pasta … subiri … Pasta anauliza.

MARTHE: Anauliza nini?

RUPHIN: Anauliza mama amefariki lini. Nimemwambia. Anauliza na huyo niliyemtaja mwisho ni nani.

MARTHE: Na wewe umemjibu nini?

RUPHIN: Nimesema ni dada yangu mkubwa. Yule fundi.

MARTHE: (mkasi unawekwa mezani)

RUPHIN: Yaya? Anasema hawezi kuamini. Anasema atazungumza na mimi baadaye, sijui ni mazungumzo gani, sura yake siielewi. Lakini anasema mwite dada yako aje akae na wageni, chakula kipo. Utakuja? Yaya, salio linakata. Utakuja?

MARTHE: Sketi ya mtu haina zipu.

RUPHIN: Njoo. Nakuomba. Sijui wataniambia nini hawa, nisimame peke yangu —

MARTHE: Nitakuja. Nitafunga duka nije, kwa ajili ya wale watoto na miguu yao, si kwa ajili yako. Lakini nisikie vizuri, Ruphin. Jina langu ulilitaja kama mtu anayepita kwenye maziko ya watu, haraka haraka, asionekane.

RUPHIN: Nilikuwa nimeishiwa pumzi, yaya —

MARTHE: Hukuishiwa pumzi. Nikifika sitaingia. Umesikia? Hata Pasta aje anishike mkono, siingii. Nitasimama hapo hapo waliposimama wao, nitaimba niulize hii nyumba ni ya nani, na wewe utatoka mbele ya watu wote unijibu. Tena kwa sauti. Nikikusikia mpaka barabarani ndipo nitaing—

RUPHIN: Nitajibu, yaya. Haloo? Nitajibu! Haloo?